Rungu la watu wa mchanga: nipate wapi mti uliopinda wenyewe?

Boriti_Wete (mwenye mada)

Assalaam alaykum nyote. Niko Wete, Pemba. Nimewauliza mafundi wawili wa samani hapa mjini na wote wamenambia jambo moja: lete ubao wa msaji, chora umbo, tutaukata kwa msumeno wa umeme, saa moja kazi imekwisha. Nimewashukuru nikaondoka, maana hicho sicho ninachokitafuta.

Ninachotaka kutengeneza ni lile rungu refu la watu wa mchanga katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Walioiona watakumbuka. Kijana Luke yuko juu ya jabali anatazama bondeni kwa darubini, ghafla mtu aliyefungwa vitambaa uso mzima anamzukia mbele, ananyanyua silaha juu ya kichwa kwa mikono miwili na kuitikisa huku akipiga ukelele. Wenyewe wanaliita gaffi. Upande mmoja mti umepinda, na mwisho wa pindo kuna kichwa kinene chenye meno meno pembeni na mdomo mmoja mrefu uliochongoka. Upande wa pili ni kama mkuki mfupi.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na kanda ya filamu hiyo. Tulikuwa watoto watano tukikaa mkekani, yeye kwenye kiti, anatufasiria maneno. Kila ikifika hapo aliisimamisha. Mjomba alikuwa mvuvi, mikono yake ilijua miti. Alikuwa akisema, "Itazameni ile fimbo. Ile haikutoka kiwandani, ile imetoka mtini." Hakuna aliyetwambia kwamba jangwa lile lilipigwa picha Tunisia, Afrika hii hii. Sisi tulidhani ni dunia nyengine kweli.

Sasa watoto wa dada yangu wako watatu, na kila Idi wananunuliwa bunduki za plastiki pale kiwanjani. Siku ya tatu zimevunjika, ziko jaani. Nimeahidi Idi Kubwa hii nitawachezea kisa cha watu wa mchanga uani kwetu, na silaha itakuwa ya kweli kwa maana aliyoisema mjomba. Sharti langu: hakuna plastiki, hakuna sponji, hakuna rangi ya kupuliza, hakuna gundi ya dukani. Mti, kamba, ngozi, pembe, nta. Basi.

Jaribio la kwanza nimeshalifanya na limeshindwa. Nilichukua mpini wa jembe, nikachonga kichwa kutoka kipande cha mfenesi, nikatoboa tundu, nikachomeka mpini kwa mshazari ili lionekane limepinda. Lilipendeza. Mtoto mkubwa akalipiga mchangani mara moja tu, kichwa kikachomoka kikaruka hadi ukutani. Kingempata mdogo wake usoni ningejibu nini?

Kwa hiyo maswali yangu: (1) nitapataje pindo lile bila ya kuunga vipande viwili? Nikichemsha tawi linaweza kupindika? (2) mti gani? (3) ule upande wa mkuki niufanye kwa nini, bila ya chuma? Mwenye ujuzi anisaidie, wallahi jambo hili nalitaka kwa dhati.

---

Mzamiaji_Mkoani

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwa watoto mimi ningetumia mwanzi. Mwepesi, haumuumizi mtu. Ukate uliokomaa, uuloweke baharini wiki mbili tatu ili wadudu wasiule, uukaushe kivulini. Kichwa fanya kifuu cha nazi, toboa, pitisha kamba, kaza. Pindo hutolipata sawasawa lakini mtoto hatojali.

---

Boriti_Wete

Ahsante sana. Kwa watoto wenyewe nadhani hilo ndilo jibu na nitalifanya. Lakini la kwangu, la mjomba, nataka pindo.

---

Msomaji_Mbweni

Kaka Boriti, mimi si fundi, ila hili nalijua kwa sababu nimelifuatilia miaka mingi. Umbo lile walioitengeneza filamu hawakulibuni kutoka hewani. Limefuata rungu la vita la watu wa Fiji, kule Bahari ya Pasifiki, linaloitwa totokia. Wazungu wakaliita rungu la nanasi kwa vile kichwa chake kina vijumba vijumba kama nanasi, lakini kinachofanana nacho zaidi ni tunda la mkadi. Umewahi kulitazama tunda la mkadi likiwa bado mtini? Ndilo hilo hilo. Kwa hiyo usichonge kichwa kwa kuangalia picha ya filamu peke yake. Katafute tunda la mkadi, liweke mezani, ulizunguke.

La pili ndilo lililonifanya nifungue simu usiku huu. Watu wa Fiji marungu yao mengi waliyachonga kutoka mti wanaouita nokonoko. Nokonoko ni mvinje. Si mfano wa mvinje, ni mti ule ule mmoja, ulioko pwani zetu zote, ambao sisi tunaufanya boriti na makaa. Kwa hiyo mti wa marungu yale ya Fiji unapita chini yake kila siku ukienda kuogelea.

Na katika mfululizo wa televisheni wa Star Wars ulioanza Desemba 2021, The Book of Boba Fett, kuna sehemu mhusika mkuu, Boba, anarudi na tawi la mti na watu wa mchanga wanamsaidia kulichonga liwe gaffi. Halikuungwa vipande. Anayeigiza, Temuera Morrison, ni Mmaori wa New Zealand, na mbinu zake za kupigana kwa fimbo zimetoka kwenye mila za kwao. Kwa hiyo mjomba wako, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliona kweli.

---

Tezo_la_Nungwi

Assalaam alaykum. Ananiandikia mjukuu wangu, mimi nasema yeye anabonyeza. Nimeunda vyombo tangu kijana, ngalawa, mashua na majahazi. Filamu hiyo sikuiona. Lakini mjukuu amenionesha picha ya hilo rungu na mimi nimeliona kitu kimoja: hilo ni taruma.

Mwanangu Boriti, sikiliza. Chombo kina mkuku chini, kina mbao ubavuni, na ndani kina mataruma yanayoshika mbao. Taruma limepinda. Unadhani tunalipinda sisi? Hatulipindi. Tunaingia shamba na fito iliyokatwa kwa umbo tunalolitaka, tunatembea kutwa, tunatazama juu. Mtondoo huu hapana, mwembe huu hapana, mfenesi ule, tawi la tatu, ndilo. Mti umeshapinda wenyewe miaka ishirini kabla haijazaliwa haja yako. Kazi ya fundi ni kuutambua.

Sababu iko kwenye nyuzi. Mti una nyuzi kama kamba ina nyuzi. Tawi lililoota limepinda, nyuzi zake nazo zimepinda pamoja nalo, zinakwenda moja kwa moja kutoka mpini mpaka kichwani bila kukatika. Ukichukua ubao ulionyooka ukachora pindo juu yake ukakata kwa msumeno, nyuzi zinakatika pale pale shingoni, penye kazi kubwa. Litapendeza ukutani. Ukilipiga chini, shingo inakwenda. Wale mafundi wa samani hawakukudanganya, wamezoea vitanda, kitanda hakipigwi chini.

Umeuliza kuchemsha. Fito mbichi ya unene wa kidole inapindika kwa maji ya moto. Tawi la unene wa kifundo cha mkono, la mvinje, hulipindi. Utapasua tu.

Sasa mvinje. Huyo bwana wa Mbweni amesema kweli kwamba ni mti mgumu. Ni mgumu, mzito, na una tabia mbaya moja nayo ni kupasuka ukikauka. Sisi hatuutaki kwenye chombo kwa sababu hiyo. Lakini kwa rungu unafaa, ukiufuata masharti yake.

Usitafute tawi. Tafuta chini, pale shina linapoingia ardhini likageuka kuwa mzizi. Hapo ndipo kuna pindo na ndipo kuna unene wa kichwa, vyote viwili kwenye kipande kimoja. Nenda pwani baada ya bamvua, ambapo bahari imekula mchanga. Utakuta mivinje midogo imelala, mizizi iko nje unaiona yote kama mkono ulioufungua. Chukua mche ambao shina lake ni la unene wa kushikika kwa kiganja na mzizi wake mmoja umekwenda pembeni. Usikate unaosimama. Ule unaoshikilia ufukwe uachie ufukwe.

Ukishaukata, mambo matatu. Kwanza, siku hiyo hiyo paka nta kwenye ncha zote mbili, nta nzito ya kuyeyusha, mpaka usione mti. Maji yanakimbilia nje kwenye ncha na ndipo ufa unapoanzia. Pili, usiusubiri ukauke ndipo uchonge. Uchonge ukiwa mbichi, kwa tezo, uupunguze mpaka karibu na umbo, uache unene wa kidole kimoja zaidi kila upande. Na ukichonga, hakikisha moyo wa mti haubaki katikati ya kichwa. Sogea pembeni. Kichwa kilichobeba moyo wa mti lazima kitapasuka, hakuna dua ya kukizuia. Tatu, ukishauchonga ufunge kwenye gunia, uweke chini ya kitanda, mahali pasipo upepo wala jua. Wiki sita, nane. Kila Ijumaa ufungue, ugeuze, ufunge.

Mpini ukishika, ushike unavyotaka mti, si unavyotaka picha. Kama mti umepinda kidogo upande wa kushoto, liwe la kushoto.

---

Boriti_Wete

Shikamoo mzee wangu. Nimeyasoma maneno yako mara tatu na nimeyaandika kwenye daftari. Nilikuwa sijui kwamba mti unatafutwa kwa umbo kabla haujakatwa, na mjomba wangu alikuwa akifanya hivyo hivyo kwenye mikono ya nanga zake za mti, mimi nilidhani anazurura tu msituni. Jumamosi naenda pwani.

---

Tezo_la_Nungwi

Marahaba. Chukua fito ya umbo mkononi. Bila ya fito jicho linadanganya.

---

Mlinzi_Mstaafu

Kabla ya Jumamosi, ndugu. Hata mti ulioanguka una mwenyewe. Tuna sheria ya misitu hapa Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, na kukata au kusafirisha mazao ya msitu kunahitaji ruhusa. Nenda kwa sheha wa shehia hiyo, mwambie unataka mche mmoja uliolazwa na bahari, atakuelekeza kwa watu wa misitu. Ni mazungumzo ya nusu saa. Usiende kwenye mikoko hata kama utaona pindo zuri kuliko yote, na msitu wa hifadhi wa Ngezi usiingie na panga. Na kama kuna mtu atakwambia tumia gamba la ng'amba, yule kasa, kwenye mapambo, kataa, yule ni kiumbe analindwa.

---

Makumbi_Jambiani

Salaam kaka. Mimi ni mwanamke wa Jambiani, nasokota kamba tangu nikiwa skuli, na naona wote mmezungumza mti, hakuna aliyezungumza kamba. Rungu hilo shikio lake limefungwa. Bila ya kufungwa, jasho likishuka mkononi litakuteleza, na hapo ndipo litamruka mtu, wala si kwa sababu ya kichwa.

Nunua kamba ya usumba, usinunue ya nailoni. Nataka ujue ilivyotoka, kwa vile umesema unataka kitu cha kweli. Makumbi ya nazi tunayazika pwani, kwenye shimo mahali maji yanapojaa na kutoka, tunayafunika mawe yasichukuliwe. Yanakaa miezi. Yakitoka ni meusi, yananuka, tunayapiga kwa gongo mpaka nyama inaondoka na nyuzi zinabaki, tunazikausha, tunazisokota kwa viganja. Kamba yenye urefu wa pima kumi ni asubuhi nzima ya mtu. Kwa hiyo ukipewa bei usiipunguze sana.

Kuna kamba nene ya kufungia vyombo na kuna nyembamba. Wewe unataka nyembamba, unene wa bua la ukindu. Iloweke usiku mmoja iwe laini. Namna ya kufunga: kunja ncha moja ya kamba iwe kitanzi, kilaze juu ya mpini kikitazama juu. Anza kuzungusha kutoka chini, juu ya kitanzi, kaza kila mzunguko uguse wenzake. Ukifika juu, ncha iliyobaki ipitishe ndani ya kitanzi kinachochungulia, halafu vuta ile ncha ya chini. Kitanzi kinaingia ndani na kuivuta ncha ya juu nayo. Kata pande zote mbili. Hakuna fundo linaloonekana, hakuna gundi, na haifunguki. Ndivyo tunavyofunga mipini ya visu.

Rangi. Umekataa ya kupuliza, vizuri. Usumba una rangi yake ya udongo, uache. Mti ukiutaka mweusi kama chuma cha kale, chukua misumari yenye kutu, itie kwenye chupa ya siki, usiifunge kizibo, iache siku kumi mpaka siki iwe nyeusi. Pembeni chemsha maganda ya mvinje huo huo uliouchonga, yana ukali wa kusinyaza ulimi kama chai nzito. Paka maji ya maganda kwanza, yakauke, halafu paka siki ya misumari. Utaona mti unageuka rangi mbele ya macho yako. Bibi yangu alifanya hivyo kwa ukili alipotaka mistari myeusi. Vaa nguo unayoipuuza.

---

Boriti_Wete

Dada yangu, ahsante sana. Kamba nitaagiza kwako ukikubali, kuna jamaa anakuja Pemba na boti kila Alkhamisi.

---

Mzamiaji_Mkoani

Kwa mkuki wa chini tumia pembe ya ng'ombe. Kwetu Pemba, penye mchezo wa ng'ombe, pembe si tabu kuzipata. Iloweke kwenye ndoo wiki tatu, mfupa wa ndani utachomoka wenyewe. Harufu ni kali, ndoo iweke mbali na nyumba. Chonga ncha ya mpini ipungue kidogo kidogo kama karoti, chemsha pembe iwe laini, ipachike ingali ya moto. Ikipoa inabana. Halafu juu ya kiungo funga ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi, ngozi ya ngoma, ikiwa imelowa. Ikikauka inajikaza kuliko waya. Ila ncha ya pembe uipige tupa iwe butu kama kidole gumba. Uani kutakuwa na watoto.

---

Boriti_Wete (wiki ya kumi na moja baadaye)

Assalaam alaykum. Nimerudi kutoa hesabu, maana mmenipa elimu na mwenye kupewa lazima arudi aseme imefika wapi.

Sheha alinisikiliza vizuri, akanipa mtu wa kwenda naye pwani. Kweli kuna mivinje saba imelala. Nilikuwa na fito ya umbo kama alivyosema mzee, nimeikata kwa kutazama picha. Mche wa kwanza nikaupenda sana, mnene, pindo kubwa. Nikaweka fito juu yake, haikukaa. Jicho langu lilikuwa limeshaamua kabla ya fito. Mche wa tano ndio, mdogo kuliko wote, mzizi wake umetoka ubavuni na kujikunja kama mtu anayetazama nyuma ya bega lake. Fito ikalala juu yake kama vile imekatwa kutoka hapo.

Nilichukua na wa pili wa akiba, na huo wa akiba ndio ulionifunza. Jioni ile nta ilinitosha mmoja tu. Nikasema wa pili nitaupaka kesho, nikauegemeza juu ya bati la banda. Asubuhi nikaenda kazini, nikarudi jioni, nikasahau, na kesho yake pia. Siku ya nne ufa umetoka kwenye ncha ukaingia mpaka shingoni, unaweza kutia sarafu ya shilingi mia. Miaka ile yote mti ulikuwa unasimama kwenye upepo na chumvi haukupasuka, ukapasuka kwangu kwa siku nne za bati. Nimeuhifadhi. Umesimama mlangoni mwa banda ili niuone.

Uliopakwa nta nikauchonga siku mbili mfululizo ukiwa mbichi. Tezo niliazima. Mzee wangu, mvinje mbichi unachongeka kama muhogo, sikutegemea. Moyo wa mti niliufuata kwa kalamu kwenye ncha na nikautoa wote upande wa juu, kichwa kikabaki kwenye nyama ya ubavuni. Wiki nane chini ya kitanda, kila Ijumaa nikirudi kutoka msikitini nafungua gunia. Ufa mmoja mdogo umetoka upande wa nyuma wa kichwa, kama ukucha wa mtoto, haukuendelea. Na sasa ni mti mwengine kabisa, tupa inauteleza.

Kichwa nimekichonga kwa kutazama tunda la mkadi, na hapa namshukuru kaka wa Mbweni. Tatizo langu lilikuwa kugawa meno yawe sawa. Nikazungusha uzi kwenye kichwa, nikaukata ulipokutana, nikaukunja nusu, tena nusu, tena nusu, nikapata alama nane. Mstari wa pili nimeusogeza nusu ya hatua, ili kila jino liingie kati ya mawili, kama mkadi wenyewe ulivyojipanga. Mistari mitatu, meno ishirini na nne, yote butu. Kuyakata kwa tupa kumenichukua jioni tisa. Mdomo mrefu ni nyuzi za mzizi zenyewe zilikokuwa zinakwenda, sikuupachika.

Kusugua nimesugua kwa majani ya msasa, yale yale ya mti, wala si karatasi. Mama ndiye aliyenikumbusha kwamba jina la karatasi limetoka kwenye jani. Yanalisafisha taratibu na hayaachi mikwaruzo.

Rangi: siki ya misumari juu ya maji ya maganda, nimeipaka kichwani tu. Sikuwa nimeamini mpaka nilipoona. Kahawia, kijivu, nyeusi, mbele ya macho, watoto wote watatu wamechutama wanatazama. Juu yake nta ya nyuki niliyoiyeyusha, nikaisugua kwa kitambaa. Kuna jamaa alinishauri nitumie sifa, yale mafuta ya papa, kama vyombo vinavyopakwa. Nilijaribu kwenye kile kipande kilichopasuka, chumba kikanuka papa siku nne, nikaacha. Na mafuta ya nazi peke yake hayakauki, yanabaki mkononi.

Kamba ya Jambiani imefika Alkhamisi, imefungwa kwa kitanzi kama nilivyofundishwa, shibiri moja chini ya shingo na shibiri moja katikati. Pembe imebana kwa maji ya moto, ngozi ya mbuzi juu yake. Kutoka mdomo hadi pembe ni dhiraa mbili na shibiri moja. Ni zito. Ukilinyanyua kwa mkono mmoja unahisi kichwa kinakuvuta kwenda kinakokwenda, na ukishika kwa mikono miwili kinatulia. Nimeelewa kwa nini yule wa kwenye filamu alishika kwa miwili.

Siku ya Idi tumecheza. Watoto walikuwa na ya mwanzi na vifuu, mepesi, hakuna aliyeumia. Langu nililinyanyua mara moja tu, juu ya banda, nimejifunga vitambaa vya shuka kuukuu. Kabla ya hapo nililipiga mchangani mara kumi, peke yangu, kwa nguvu zangu zote, kila mara nikatazama shingo. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Mjomba angelisimamisha hapo." Akaingia ndani.

Sasa limetundikwa sebuleni kwa kamba mbili. Nataka kulipeleka Unguja mzee alishike kwa mkono wake. Nimeuliza kwa watu wa boti, wamenambia nilifunge kwenye mkeka nilikabidhi pamoja na mizigo, nisiingie nalo mkononi.

---

Makumbi_Jambiani

Maa shaa Allah. Miezi sita tazama kamba. Ikilegea imwagie maji, iache ikauke kivulini, usiifungue.

---

Tezo_la_Nungwi

Mjukuu amenisomea yote. Njoo nalo. Lakini kabla ya hapo tuma picha ya shingo, kwa ubavu, karibu, mchana wa jua. Kichwa sikihitaji. Nataka kuona nyuzi.